Kichwa cha Samaki Kielekee kwa Nani

Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu Kijiko,

Kabla hata ya salamu, nisikilize. Kama aliyekusimulia habari za ile karamu ni dereva wa lori la kambi yenu, hakuwepo. Kama ni binamu yetu fundi cherehani, naye alikuwa kwake anapiga pasi suruali za watu. Hata wifi yako, ambaye alikuwepo na alikaa karibu yangu kabisa, anaisimulia vibaya. Anaanzia mwisho, kisha anacheka mpaka mwanzo haufiki. Mtu mmoja tu duniani anaijua hadithi hii sawasawa, na ndiye huyu anayekuandikia kwa mwandiko wa kuku. Samaki sikumrusha. Samaki hakuwa hai. Na Mzee Pole sikupigana naye. Nitapiganaje na mtu ambaye akianza kuinuka kitini unaweza kwenda chooni ukarudi ukamkuta bado anainuka?

Sasa salamu. Hujambo mama? Hujambo na masufuria yako? Sisi tuzima. Wifi yako jino lake lile bovu limetoka lenyewe akiwa anagombana na muuza mkaa, na ugomvi ukafia hapo hapo, wakainama wote wawili kulitafuta. Karakana yangu ipo. Juzi nimenyoosha rimu iliyopinda kama namba nane, mwenye baiskeli akataka kulia kwa furaha. Mafundi baiskeli wa siku hizi wangeitupa. Mimi nimeirudisha duniani.

Haya. Wewe uliniandikia kwamba kambini huwezi kutoka, bwawa linajengwa, watu wanataka kula. Ukasema karamu ya kumpongeza binti yako kwa uchumba unaitoa wewe, mimi nikae tu badala yako, niwaite wakwe, wale vitu vya baharini mpaka wachoke. Halafu chini kabisa ukaandika mstari mmoja ukaupigia kistari: "Kaka, usitengeneze kitu chochote." Nilicheka. Nitengeneze nini kwenye hoteli ya Wachina?

Ile hoteli iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mlangoni kuna tangi la kioo, ndani kaa wamefungwa mikono kwa mipira, wanakutazama kama mahabusu wanaomngoja wakili. Mwenye hoteli ni mama wa Kichina, mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akaniambia "Shikamoo mzee," nikageuka nyuma kuona anamsalimia nani.

Wakwe wakafika. Kijana mwenyewe, yule mpima ardhi, unamjua kwa picha: mrefu, mpole, shingo kama ya mtu anayechungulia ukutani. Babu yake ndiye huyo Mzee Pole. Na mama yake, Mama Mwalimu, mkuu wa shule ya wasichana. Dada, yule mama akiingia mahali hata saa ya ukutani inajiweka sawa. Alikuja na mkoba mpya wa ngozi, mkubwa, akauwekea kiti chake peke yake. Nikajisemea, hapa tuko sita mezani, wa saba mkoba.

Kamba walikuja kwanza, wekundu, wanang'aa. Wifi yako alishika kijiti kimoja kila mkono kama anafuma sweta, na alishiba. Mimi vijiti nilivijua papo hapo, kwani si spoki tu zile? Binti yako alikuwa anacheka, uso umemtakata. Mama Mwalimu alikula kamba mmoja tu, akamkatakata taratibu kama anamsahihisha.

Sasa juu ya meza kulikuwa na kioo kikubwa cha duara, vyakula vyote viko juu yake, unakizungusha, ngisi anakuja mwenyewe mbele yako. Nikakitazama kile kioo. Kioo nacho kikanitazama.

Karatasi imeisha.

Kaka yako,
Gololi

*

Tarehe 29 Machi

Kaka Gololi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Lori lilikwama, daraja dogo lilichukuliwa na maji, ndiyo maana barua yako imefika ina matope na mimi nina hasira. Huku tunaendelea. Injinia mkuu ameacha kula vitunguu kwa sababu ameanza kupendana na yule dada wa maabara ya udongo, kwa hiyo kambi nzima inakula bila vitunguu. Wifi mpe pole ya jino, na hongera pia, lilimtesa sana.

Karatasi haijaisha, kaka. Nimegeuza nyuma, kuna nafasi ya kulaza mtoto. Umeacha kwa sababu umefika mahali pabaya.

Mimi hapa nina hadithi tatu. Dereva anasema ulimpiga mkwe wangu na samaki. Binamu anasema samaki alikuwa hai akamng'ata. Na binti yangu, ambaye akiniandikia hujaza kurasa mpaka pembeni, safari hii kaniandikia hivi tu: "Mama, mimi mzima. Mengine muulize mjomba." Mtoto yule hajawahi kukosa maneno tangu alipojifunza kusema.

Sitaki kujua kamba walikuwa wekundu kiasi gani. Nataka neno moja. Tulikubaliana harusi ni Agosti. Huku mtu anapewa ruhusa moja kwa mwaka, na ukishaipangia mwezi haibadiliki. Nikiomba Agosti na harusi haipo, nimekwisha. Nisipoomba na harusi ipo, nimekwisha vilevile.

Harusi ipo au haipo?

Na kile kioo ulikifanya nini?

Mdogo wako,
Kijiko

*

Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu mpendwa sana sana,

Salamu nyingi kama mchanga. Wifi yako anakusalimu, pengo limemkaa vizuri, sasa anapiga mluzi kama kondakta. Paa la jikoni limeanza kuvuja, nimelitazama kwa jicho kali likaacha. Binti yako mzima, anakwenda kazini kwake duka la dawa, anarudi. Mpima ardhi ametumwa kupima barabara mbali huko.

Umeuliza maswali mawili. Nitaanza na la kioo, ndilo la kifundi.

Kile kioo kilikuwa kinalia. Mtu akikivuta apate ngisi, kwiii! Mwingine akivuta apate kome, kwiiiii! Na kila kikilia Mama Mwalimu anafumba macho kama amemwagiwa maji baridi mgongoni. Nikasema moyoni, mkwe anaumia, na fundi niko hapa nimekaa nalamba vidole. Ndugu yangu, mimi naweza kuvumilia njaa, naweza kumvumilia hata binamu yetu, lakini gololi kavu siwezi.

Tulipomaliza kaa, Mama Mwalimu na Mzee Pole wakaenda kunawa mikono. Nikamwambia yule kijana shika huku. Tukainua kioo. Chini yake kuna duara la bati na gololi zake ndani, kavu, nyeusi, zinatia huruma. Mezani kulikuwa na kichupa cha mafuta ya ufuta. Nikazinywesha. Wifi yako akanong'ona, "Umekatazwa!" Nikamwambia nimekatazwa kutengeneza. Kutengeneza ni kufungua nati. Mimi hapa nati sijagusa, nimepaka mafuta tu, kama mtu anavyompaka mtoto. Tukakirudisha. Nikakigusa kwa kidole kimoja. Kikaenda, kikaenda, tukaongea habari za watu, kikawa bado kinaenda. Kimya. Laini kama uongo wa mchumba. Sijapata kufanya kazi nzuri kama ile, na nimefanya nyingi.

Wakwe wakarudi, samaki naye akaingia. Mzima, amelala kwenye sahani ndefu, amefunikwa tangawizi na vitunguu majani kama shuka, moshi unapanda, harufu yake, dada, mtu anaweza kusamehe deni. Mama mwenye hoteli akamweka juu ya kioo, kichwa kikamwelekea Mzee Pole. Akatwambia, "Kwetu kichwa cha samaki humwelekea mtu wa heshima. Yeye ndiye anaanza. Asipoanza yeye, wengine hawali." Akaondoka zake. Angebaki.

Mzee Pole akatabasamu. Akanyoosha mkono, polepole, akasukuma kioo. Kichwa kikaja kwangu.

"Mwenye shughuli ni wewe," akasema. "Anza."

"Mimi? Hapana mzee wangu," nikasema. "Mgeni ni wewe." Nikasukuma.

"Umri si kitu. Wewe ndiye mjomba." Akasukuma.

"Mjomba nini mbele ya babu?" Nikasukuma.

Unanijua, kwa heshima mimi sishindwi na mtu. Na yule mzee naye, kumbe mikono yake haina upole wa miguu! Basi samaki akaenda akarudi. Mpima ardhi anameza mate. Binti yako anasema, "Mjomba, basi." Wifi yako ameshika vijiti vyake vya sweta yuko tayari. Na gololi zangu, mafuta yamekwisha kuzama vizuri, zinasema tupeni kazi. Kioo kikashika mwendo. Mimi nikisukuma kidogo kinaongeza. Mzee akisukuma kidogo kinaongeza. Mwisho hakuna anayesukuma, kinakwenda chenyewe, samaki anatupita mmoja mmoja, kichwa kinamwelekea kila mtu na hakimwelekei yeyote, vitunguu majani vinaruka kama maua ya harusi.

Hapo Mama Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya uwanja wa shule, "BASI!" Akaweka kiganja juu ya kioo.

Kioo kilitii. Samaki hakutii.

Aliruka, dada. Alipita hewani amenyooka, mzuri kweli, kama anarudi kwao. Akaingia kwenye mkoba wa ngozi, mkia kwanza. Sahani ilibaki mezani. Kichwa kikabaki nje ya mkoba, kinamtazama Mama Mwalimu usoni.

Kisha Mzee Pole, polepole, akasema, "Mwanangu, kichwa kimekuelekea wewe. Anza."

Hadithi ndiyo hiyo, na mwenye kukupa nyingine mwambie aje kwangu. Salimia injinia na dada wa udongo.

Kaka yako,
Gololi

*

Tarehe 8 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako niliwasomea wenzangu jikoni. Mkata nyama alilala chini. Msaidizi wangu ameunguza wali wa watu wote, na walioula tulipowasomea nao wakasamehe. Kwa hiyo kama ulitaka sifa, zichukue, zimo humu.

Sasa weka mzaha pembeni. Umeandika mpaka samaki akaingia mkobani, kisha umenipa salamu za injinia. Hukusema Mama Mwalimu alijibu nini. Hukusema waliondokaje. Unasema mpima ardhi "ametumwa mbali", husemi kama aliaga. Unasema binti yangu "anakwenda kazini, anarudi". Ng'ombe ndiye husemwa hivyo, anakwenda, anarudi. Kaka, mimi ni mdogo wako tangu nizaliwe. Nakujua unapopiga kelele na nakujua unapoficha kitu nyuma ya kelele.

Nikwambie. Jino la kwanza la mtoto yule lilipong'oka, nilisoma kwenye barua. Alipofaulu, nilipata habari lori lilipofika. Siku ya kumaliza masomo nilitumiwa picha, na kidole chako kimeziba uso wake, nina picha nzuri sana ya kidole chako. Kwenye uchumba nimekutuma wewe. Harusi sitaki kusimuliwa, hata ukisimulia vizuri vipi. Nataka niwe pale, nimekaa kwenye kiti, kwa makalio yangu mwenyewe.

Fundi wa zege anaitaka Agosti. Injinia anataka majina kabla Juni haijaisha. Lori likija bila jibu lako, nampa fundi wa zege.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Jikoni panavuja tena.

Haya. Mama Mwalimu aliondoka. Hakusema kitu. Alikunja kitambaa chake cha mezani vizuri kabisa, akaushika mkoba kwa mikono miwili, samaki ndani, kichwa nje, akashuka ngazi. Mzee Pole akamfuata, akamchukua kijana amshike mkono kwenye ngazi. Tukabaki sisi watatu na sahani tupu. Mama mwenye hoteli akaja akauliza, "Mmemaliza samaki hata mifupa?" Wifi yako ndipo alipoanza kucheka, na binti yako ndipo alipoanza kulia.

Tangu siku ile, kimya. Hawaji, hawatumi mtu. Mpima ardhi kabla ya safari alikuja akamwambia binti yako kwamba mama yake akiulizwa habari zetu anainuka anaingia jikoni. Hiyo tu. Binti yako akaacha kuniita mjomba, akawa ananiita "wewe". "Wewe, chai iko mezani." Ningekuandikia kitu gani, dada? Jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni hadithi, nikakupa hadithi.

Barua yako ilipofika wifi yako aliisoma kwa sauti, pengo likipiga mluzi, akafika pale pa kidole changu akaikunja. Akaniletea shati. "Nenda kwa yule mama sasa hivi, na usirudi bila neno." Mlangoni akanipekua. Akakuta spana na chupa ya mafuta. Akavichukua.

Nikaenda. Barazani yuko Mzee Pole. Akainuka kunipokea, nikangoja, akamaliza kuinuka.

"Karibu kiti."

"Nitakaaje wewe umesimama, mzee wangu?"

"Mwenyeji hatangulii kukaa."

"Na mgeni hamtangulii mkubwa."

Tumesimama pale, miguu inaanza kutetemeka, yake na yangu, hakuna anayekubali. Ndani ikatoka sauti: "KAENI!"

Tukakaa papo hapo. Kiti kilikuwa kimoja.

Mama Mwalimu akatoka, akatutazama tulivyobanana. Akamtuma baba yake akalete maji ya kunywa, nikajua anataka maongezi marefu. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Nimewahi kugongwa na lori, dada, lile lori sikuliogopa vile.

"Umekuja kudai," akasema.

"Kudai nini, mama?"

"Samaki."

Nikafikiri ni mtego.

Akasema aliondoka pale amejaa hasira mpaka shingoni. Alipanga kufika nyumbani, amtupe yule samaki, asafishe mkoba, kisha aandike barua ya kuvunja uchumba. Akauweka mkoba kwenye sinki. Tangu asubuhi hakuwa amekula kitu, alikuwa anajitunzia karamu, na kwenye karamu yenyewe heshima ilimruhusu kamba mmoja. Akaonja kidogo, ajue tu tangawizi imetiwaje. Akaonja tena, labda amekosea. "Fundi," akaniambia, na sauti ile ya uwanjani imeshuka mpaka nikainama kuisikia, "nilimmaliza. Nimesimama pale pale, kwenye mkoba. Nilikula shavu. Nilikula jicho. Baba yangu alikuwa anapanda ngazi za mlangoni, na kabla hajafika juu hakuna samaki."

Nikasema, "Baba yako ngazi anachukua muda."

"Sikuhitaji muda wote."

Akakaa kwenye nusu ya kiti aliyoiacha baba yake. Akasema asubuhi alipoamka hasira haikuwepo, imebaki aibu. Mgeni gani anabeba samaki wa karamu ya watu, anaondoka naye, anamla peke yake, na wenyeji amewaacha wanatazama sahani? Yeye, ambaye anafukuza wasichana mstarini kwa kutafuna karanga! Kila alipotaka kuja kwetu alijiona anashuka ngazi na kile kichwa nje ya mkoba. Akawa anangoja tu sisi ndio tuje tumkatae. Mtoto wake akimuuliza anakimbilia jikoni, na jikoni ndipo penyewe palipotendeka jambo.

Wiki zote hizo, dada! Sisi tunajificha wasituone, wao wanajificha tusiwaone. Samaki mwenyewe keshasahaulika tumboni zamani.

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka mpaka kile kiti kikalia. Yeye akajikaza, akajikaza, mdomo umebana, kisha kikamtoka kicheko kimoja kama kikohozi, halafu vingine vikafuata. Mzee Pole akafika na maji, akatutazama, akatuuliza tumecheka nini, tukamsimulia yote, na nadhani hivi sasa ninavyoandika ndiyo anaanza kucheka.

Binti yako nilipomwambia aliruka juu, akanikumbatia, akasema, "Mjomba!" Nimemwomba aseme tena.

Na kule kwao, Mama Mwalimu aliponisindikiza getini alinishika mkono, macho yamemlowa, akasema: "Ewe fundi, mwambie dada yako kwamba binti yake ni taa ya nyumba yangu. Mwambie nimemtamani kwa siku nyingi kama nchi kavu inavyotamani mvua. Mwambie siku atakayokanyaga hapa nitamtandikia njia kwa khanga mpya, na mimi na yeye tutakuwa tumbo moja, tutalea wajukuu pamoja, hakuna kitakachotutenga ila mauti."

Nimeisoma tena hiyo sehemu ya mwisho. Nzuri, sivyo? Lakini lori linaondoka asubuhi na ruhusa yako iko mkononi mwangu, nisikuchezee. Mengine yote niliyokuandikia tangu Machi ni kweli tupu, kamuulize yeyote, au usimuulize. Ila hayo ya taa na mvua nimeyatunga mimi jana nikiwa natia upepo tairi. Getini hakunisindikiza. Alikuwa amenipa kisogo anaosha bilauri, na alisema hivi tu, nimekuandikia kama alivyosema, sijatia hata chembe ya chumvi:

"Harusi ipo. Mwambie dada yako safari hii aje mwenyewe, asitume mtu."

Kaka yako,
Gololi